Nani Anadaiwa?

Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa natembea na mfuko. Mfuko mweusi wa kubebea kompyuta, zipu imekufa, ndani nimeweka gazeti la zamani na chupa ya maji. Ukiniona saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka Zakhem nashika njia ya Mtoni, utasema huyu anawahi kibaruani. Kumbe siendi popote. Nafika mahali nageuza, narudi nyumbani, mfuko naupachika nyuma ya mlango hadi kesho. Daktari alisema nitembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Lakini mimi Mbagala nimekulia, najua mwanaume mzima akionekana anazunguka alfajiri bila safari, mtaa utamjadili mpaka adhuhuri. Mfuko ulikuwa unajibu swali kabla halijaulizwa.

Nilikuwa na kizimba Kariakoo, Soko Kuu. Nauza mbegu za mboga na dawa za kuku: mchicha, nyanya, bamia, matikiti, na chanjo ya kideri kwa akina mama wafugaji waliokuwa wakija na vikapu na maswali mengi. Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, soko likaungua. Nilipigiwa simu nikiwa nimeshavua shati. Nilipofika tulizuiwa mbali na jengo, tukasimama kundi zima tunatazama. Hakuna aliyelia. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshika funguo za kizimba chake, anazigeuzageuza vidoleni, moja baada ya nyingine, kama anatafuta itakayofungua.

Mzigo wangu ulikuwa kama milioni 11, na zaidi ya nusu haukuwa wangu. Milioni nne nilikopa kwenye kikoba. Msambazaji wa mbegu alikuwa ananidai tatu na laki sita.

Watu wakisikia habari kama hii hudhani siku mbaya ni ile ya moto. Mimi siku ile nilikuwa sawa kabisa, na wiki ile pia. Watu wanakuja kukupa pole, mnachangiana, unakimbizana na orodha na vikao vya wafanyabiashara. Ubaya ulianza pale pole zilipoisha.

Kulala nilikuwa nalala. Saa nne na nusu tayari nakoroma. Shida ilikuwa saa nane. Saa nane ya usiku, kama mtu amenigusa bega, macho yanafunguka na hesabu inaanza. Milioni nne ya kikoba, riba yake kiasi gani. Tatu na laki sita ya msambazaji. Ada ya shule. Kodi ya nyumba. Nikimaliza naanza upya, kana kwamba nikiirudia hesabu jibu litapungua. Feni inazunguka, mke wangu amelala, mbwa wanabweka upande wa Kizuiani, na mimi najumlisha hadi adhana ya alfajiri. Nilikuwa sipati jibu jipya hata siku moja.

Mchana nikawa mtu wa hasira ndogondogo. Binti yangu aliniomba hela ya kichongeo nikamfokea kama ameiba. Alibaki amesimama na penseli yake butu, ananitazama, halafu akaenda kuichonga kwa kisu cha jikoni. Simu ya msambazaji ikiita, naigeuza kifudifudi mezani. Rafiki zangu wa kijiweni nikawakwepa, maana kila salamu ilikuwa na mkia: "Vipi, umeshapata sehemu nyingine?"

Oktoba, usiku mmoja, moyo ulinienda mbio mpaka nikamwamsha mke wangu nikamwambia nakufa. Kifua kimebana, jasho jembamba, vidole vinachomachoma. Tukakodi bajaji hadi hospitali. Wakanibandika waya kifuani, wakapima presha, wakatoa damu. Daktari wa zamu, dada ambaye kwa umri ni mdogo wangu, akaiangalia ile karatasi ya moyo akasema, "Kaka, moyo wako mzima."

Mtu angeshukuru. Mimi nilikasirika. Kama moyo mzima, basi naumwa nini? Akavuta kiti, akaanza kuuliza maswali ambayo sikuyategemea hospitalini. Unaamka saa ngapi? Chakula unakisikia ladha? Kuna kitu ulikipenda ambacho siku hizi hukitaki? Nikafikiri, nikamwambia mpira. Nilikuwa sijui hata Yanga wamecheza na nani wiki ile. Hapo akaandika, akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe: wasiwasi, na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

"Sasa unanipeleka Mirembe?" nikamuuliza. Mirembe, kwa asiyejua, ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo Dodoma, na uswahilini jina lake limegeuzwa tusi. Akacheka. Akaniambia wengi wanaoumwa hivi wanatibiwa wakilala nyumbani kwao. Akaniandikia dawa, akanipangia siku za kwenda kuongea na mshauri, halafu akaongeza lile la kutembea. Nusu saa, siku tano, jumla dakika 150 kwa wiki. Nilidhani ni kiasi alichonikadiria mimi, baadaye nikajua ndicho cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamtaka kila mtu mzima afikie. Nilimwona kama ananitania. Mtu amekuja na moyo unaopasuka, unamwambia atembee?

Ndiyo mfuko sasa. Nilitembea kwa sababu mke wangu alikuwa anaamka na kukaa kitandani akinisubiri nitoke. Hakusema neno. Anakaa tu, kanga mabegani, mpaka nivae viatu.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili vilevile. Watu wa gym wanapenda sana kuzungumzia homoni za furaha, kwamba ukitoka jasho tu ubongo unamwaga raha. Sibishani nao, ila mimi hiyo furaha sikuiona, na ningekuwa nimeahidiwa furaha ningeacha siku ya nne. Nilichokiona, kama wiki ya tatu hivi, ni kwamba niliamka saa tisa badala ya saa nane. Siku nyingine saa kumi. Saa ile ya kuamshwa ilikuwa inasogea yenyewe polepole, kama maji kupwa. Nilipomwambia daktari, hakushangaa. Dawa inafanya kazi yake, akasema, na mwili uliochoka kwa kazi halali unalala kuliko mwili uliochoka kwa mawazo. Tena mwanga wa asubuhi ukikupiga kila siku saa ileile, ubongo unajua siku imeanza lini, na usiku unajua ufike lini.

Jumapili moja, nimefika karibu na Mtongani na mfuko wangu, nikasikia filimbi nyuma.

Anayeishi Temeke anajua. Jumapili kabla jua halijatoka, Barabara ya Kilwa inakuwa ya klabu za jogging. Mbele kijana na bendera nyekundu, nyuma mwingine na bendera yake, katikati watu mia au zaidi, fulana sare, safu mbili au tatu, wanakimbia mwendo wa pole huku wakiimba. Ni mchakamchaka uleule wa shule ya msingi, tofauti ni kwamba sasa hakuna mwalimu wa zamu na fimbo. Daladala zinasubiri. Mamalishe wanasimama na miko mikononi. Na hizi klabu si za kukimbia tu: ukifiwa wanakuja na turubai, ukijifungua wanakuja na khanga, mtoto akioa wanacheza hadi asubuhi.

Nikasogea pembeni wapite. Jirani yangu mmoja, fundi gereji, alikuwa safu ya nje. Aliniona, akaona mfuko, akaniambia bila kusimama, "Jirani, mpe huo mfuko mwenye genge tukirudi utauchukua." Hakuuliza naenda wapi. Hadi leo nafikiri alikuwa anajua siku nyingi.

Nikampa mwenye genge mfuko. Nilikuwa nimevaa suruali ya kitambaa na raba za mtumba. Mita mia mbili za mwanzo nilijiona mjinga, mia mbili zilizofuata nilitafuta pumzi. Kiongozi, mama mnene mwenye sauti ya kupasua bati, alikuwa anapokezana na wenzake kwa maneno wanayoyatunga hapohapo. Akamsema asiyeoga, akamsema aliyenunua gari bovu. Halafu ikafika zamu ya ada za klabu:

"Nani anadaiwa?"

"Mimi!" Watu mia, kwa sauti moja.

"Unalipa lini?"

"Keshooo!"

"Nani anadaiwa?"

Nikasikia sauti yangu. "Mimi!"

Sijui nieleze vipi. Miezi mitatu neno lile nilikuwa nalificha kama ugonjwa wa aibu. Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa hajui nadaiwa kiasi gani. Na sasa nalipigia kelele katikati ya Barabara ya Kilwa, kulia kwangu dada mmoja anacheka anadaiwa, kushoto mzee wa miaka sitini na kitu anadaiwa, na kondakta wa daladala mlangoni anaitikia na yeye, kumbe naye anadaiwa. Nikacheka mpaka nikapoteza hatua. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza kwa nini macho yangu mekundu. Nikamwambia vumbi.

Nimeitafakari asubuhi ile mara nyingi, na nimefikia kitu ambacho sijakisikia kikisemwa na watu wa gym: mdomo unaoitikia hauwezi kuhesabu. Nikitembea peke yangu mawazo yalikuwa yanapanda nami, yanakaa begani. Sonona yangu mimi ilikuwa ugonjwa wa kurudiarudia, jambo moja linazunguka kichwani kama feni ile. Kwenye safu hakuna nafasi ya kuzungusha kitu. Unasikiliza maneno ambayo hujui yatakuwa nini, unaitikia, unaangalia kisigino cha aliye mbele usimkanyage, unavuta pumzi, tayari maneno mengine yamekuja. Dakika arobaini kichwa kinakuwa na wapangaji wengine.

Wataalamu wana kipimo chepesi cha mwendo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ni mazoezi ya wastani. Sisi tunaimba njia nzima, basi nadhani hatupo kwenye vitabu. Lakini angalia ujanja wa kuitikia: neno moja unatoa, sekunde kadhaa unapumua wakati kiongozi anaimba. Wazee waliolianzisha jambo hili hawakuhitaji saa ya mkononi. Kijana akitaka kuvunja safu aende mbele, yule mzee wa miaka sitini anamzomea, "Bayi huyo! Mwacheni Bayi!" Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza toka bunduki inalia. Kwetu kumwita mtu Bayi ni kumrudisha kwenye safu.

Kuna jambo la pili, na hili ni la moyo wenyewe. Nilikuwa nimeanza kuuogopa moyo wangu. Ukidunda kidogo tu, kwa kupanda ngazi au kwa kahawa, nasema ndiyo ile imerudi, na hofu hiyo inauongezea mbio, na mbio zinaiongezea hofu. Sasa njia yetu ina mwinuko mmoja, si mlima, ila ukiupanda unaimba unaujua. Jumapili ya tatu au ya nne nilifika juu moyo unagonga vilevile kama usiku wa bajaji. Kifua kilekile, jasho lilelile. Nikasimama pembeni, mikono magotini, nikijiambia leo ndiyo leo. Baada ya dakika tatu ukatulia. Jumapili iliyofuata tena, ukatulia. Usiku mmoja wa Januari nikaamka unadunda, nikalala palepale gizani nikaungoja kama ninavyoungoja juu ya mwinuko. Ukatulia. Nilipomweleza mshauri wangu alitabasamu akasema kuna watu wanatibiwa hofu kwa njia hiyohiyo kwa makusudi: wanapandishwa mapigo ya moyo kidogo kidogo, mpaka mwili ujifunze kwamba kudunda si kufa.

Ni Januari hiyohiyo nilipokea simu ya msambazaji. Ilikuwa Jumatatu, nimetoka kutembea, bado na jasho, simu ikaita nikaipokea kabla sijafikiri. Nilitegemea matusi. Akasema, "Ndugu yangu, mimi nilidhani umekufa." Tukakubaliana elfu hamsini kwa wiki. Hesabu iliyonikalisha macho miezi mitatu tuliimaliza kwa dakika sita. Mazoezi hayakunipa hata senti moja ya deni lile. Yalinipa asubuhi moja ambayo nilikuwa na nguvu ya kubonyeza kitufe cha kijani.

Nisije nikaeleweka vibaya kuhusu dawa, maana hapo ndipo nilipokosea. Mwaka 2022 nikawa nimenoga. Nalala, nakula, namjua mpinzani wa Yanga. Nikajiandikisha mbio za kilomita 21, mimi ambaye sijawahi kuvuka nane. Wiki hiyohiyo nikaamua kidonge cha nini tena, nikaacha bila kumuuliza mtu. Nilimaliza zile kilomita, medali ninayo, na goti likavimba likawa kama embe dodo. Fundi wa mifupa akasema wiki tano hakuna kukimbia.

Wiki ya kwanza nilifurahia mapumziko. Ya pili nikaamka saa nane. Ya tatu nikamfokea binti yangu, safari hii kwa sababu ya rimoti, akanitazama vilevile kama siku ya kichongeo. Nilirudi kwa daktari nachechemea. Alinisema, na alikuwa na haki. Akanirudisha kwenye dawa, akanieleza jinsi zinavyopunguzwa taratibu kwa ratiba yake yeye, si yangu.

Siku hiyo alinisimulia utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa 1999. Walichukua watu 156 wenye miaka 50 na zaidi, wote na sonona. Kundi moja likapewa dawa, la pili likapewa mazoezi mara tatu kwa wiki, la tatu vyote viwili. Wale wa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi, lakini wiki 16 zilipotimia makundi yote matatu yalikuwa yamekaribiana. Nikamwambia basi daktari umeona, ningeweza kuacha. Akanijibu kwamba watu wale walikuwa wanasimamiwa, wanafanya mazoezi kwa kundi, na hakuna aliyekurupuka kukimbia kilomita 21. Nikanyamaza.

Lakini neno kundi lilinibakia. Nilipouguza goti sikuweza kukimbia, ila nani alisema siwezi kushika bendera? Nikaomba bendera ya nyuma. Nikawa nafuata safu kwa baiskeli ya kukodi, mguu mmoja unasukuma, mwingine unasindikizwa, naitikia kama kawaida. Kuanzia hapo usiku ukaanza kurudi kwenye mstari, kabla hata goti halijapona. Ramadhani tulipobadilisha ratiba tukawa tunatembea baada ya tarawehe, bila filimbi, nayo ilitosha. Nilianza kuelewa kwamba mwili wangu haujali sana ni kilomita ngapi. Unachojali ni kama kesho nipo.

Mke wangu naye alijiunga mwaka 2023. Nilidhani anakuja kunichunga. Mwezi wa pili tu akaniambia, tukiwa tunakunja nguo, kwamba miezi ile yote na yeye alikuwa halali. Alikuwa amefumba macho anasikiliza ninavyohesabu, maana nilikuwa nahesabu kwa mdomo bila kujua. "Milioni nne, tatu na laki sita," akanitajia kwa sauti yangu, kwa mpangilio uleule. Nikakaa chini na shuka mkononi. Sasa yeye yupo mbele kuliko mimi, safu ya pili, na yule mama mwenye sauti ya bati akichoka humpa kipokeo aongoze.

Siku hizi nina meza ya mbegu mtaani kwetu, ndogo, mzigo wa laki nane, wote wangu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa natembea peke yangu, Jumapili nipo kwenye safu. Mfuko mweusi binti yangu aliuomba wa kuwekea kadi zake za biolojia, zipu tumebadilisha. Msambazaji nilimmaliza kwanza. Kikoba nikakimaliza mwaka jana, Jumamosi moja jioni, mweka hazina akanichorea mstari mwekundu kwenye daftari mbele yangu.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye safu, mwepesi kama niliyevua gunia. Tukapita Misheni, filimbi, vumbi, daladala pembeni. Aliyekuwa anaongoza ni mke wangu. Akageuka, akaanza kukimbia kinyumenyume, akinitazama mimi kati ya watu wote wale:

"Nani anadaiwa?"

Nikaitikia. Ada ya klabu, miezi mitatu.